Ruzuku inanunua mfuko, udongo wa Usambara unabaki na njaa

Mwisho wa masika nilipanda Bumbuli, kwenye milima ya Usambara, kumsalimia mama mdogo. Tulipomaliza chai alinishika mkono tukateremka hadi kwenye kishamba chake cha pili, kile kilicholala kwenye mteremko juu ya kijito. Mahindi ya jirani kule bondeni yalishatoa mbelewele. Ya kwake yalikuwa hayajapita magoti, na kingo za majani zilikuwa na rangi ya zambarau. Akachota udongo mwekundu, akaufikicha kiganjani, akaniambia: "Mwanangu, mbolea ya serikali niliinunua, na nikaiweka kama bwana shamba alivyosema. Udongo umeila. Mimi sikula."

Maneno hayo nimeshuka nayo mpaka Tanga mjini, na kila nikisikia watu wanabishana kuhusu ruzuku ya pembejeo yananirudia. Ubishi wetu una pande mbili tu. Kuna wanaotaka ruzuku iongezwe kwa sababu mkulima anaumia, na kuna wanaotaka ifutwe kwa sababu inakula bajeti. Mama mdogo hayupo katika pande hizo. Serikali ilitoa karibu nusu ya bei ya mfuko wake, yeye akatoa nusu iliyobaki kwa kuuza kuku na kukopa kwenye kikoba, na mwisho wa yote hakuna aliyevuna. Ruzuku ilifika, jina lake lilikuwamo kwenye daftari, mfuko ulikuwa halali. Kosa limejificha mbali zaidi ya pale tulipozoea kulitafuta.

Mimi nasimama hapa: ruzuku ibaki, tena naitetea kwa nguvu zote. Kinachotakiwa kubadilika ni kitu inacholipia.

Naitetea kwa sababu tunajua maisha bila ruzuku yanakuwaje. Vijana wengi hudhani jambo hili lilianza mwaka 2022, lakini wazazi wetu walikuwa na mbolea ya ruzuku kabla ya mageuzi ya uchumi. Ikapunguzwa mwaka hadi mwaka, na kufikia msimu wa 1994/95 ikawa imefutwa kabisa. Biashara ikaachiwa watu binafsi, nao, kama mfanyabiashara yeyote, wakapeleka mzigo palipo na barabara nzuri na wanunuzi wengi. Mkulima wa kijiji cha mbali akalipa bei ya mbolea na bei ya umbali kwa pamoja. Ndiyo maana serikali ilipofufua ruzuku mwaka 2003/04 ilianza na gharama za usafirishaji. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, nitalirudia.

Baada ya bei za chakula kupanda duniani mwaka 2008, zikasambazwa vocha. Mkulima mdogo wa mahindi au mpunga alipata vocha za pembejeo za kutosha takribani ekari moja, akajazia nusu ya gharama mwenyewe, na alitarajiwa kusimama kwa miguu yake baada ya miaka mitatu. Kila aliyekuwa kijijini wakati ule ana hadithi ya vocha: zilizofika mahindi yakiwa tayari na magunzi, zilizosainiwa bila mfuko kutoka dukani, zilizouzwa kwa bei ya kilo mbili za sukari kwa sababu mwenye nayo hakuwa na hela ya kujazia. Wapo pia waliofaidika, nami ninawafahamu. Lakini mpango ulipokoma, wengi walirudi walikotoka.

Kisha ikaja 2022. Korona ilikuwa imeshapandisha bei, vita vya Ukraine vikamalizia. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ya DAP au ya kukuzia ya urea ulipita shilingi 120,000, na kwa mtu wa robo ekari hiyo ni bei ya mbuzi. Mwezi Agosti mwaka huo serikali ikatangaza ruzuku ya shilingi bilioni 150, na bajeti ya Wizara ya Kilimo ikaruka kutoka bilioni 294 hadi bilioni 954 katika mwaka mmoja. Wakulima wakaandikishwa kwenye mfumo wa kidijitali, wakapewa namba, wakanunua kwa wakala aliyesajiliwa. Ukilinganisha na vocha, ni hatua kubwa. Karatasi ilipotea, namba haipotei kirahisi. Baadaye mbegu za mahindi nazo zikaingizwa.

Sasa tutazame bei zenyewe, kwa maana humo ndimo lilimo jambo lisilosemwa. Katika msimu ule wa kwanza urea na DAP zilipangiwa shilingi 70,000 kwa mfuko, na mbolea nyingine mbili za kukuzia, CAN 60,000 na SA (salfeti ya amonia) 50,000. Ukisimama mbele ya kaunta ukiwa na noti chache zilizokunjwa kwenye kanga, macho yako yanakwenda wapi? Kwenye 50,000. Mama mdogo alinunua SA, na majirani zake wengi walinunua SA. Ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu anayetazama mfuko kwa mfuko.

Lakini mmea hauli mfuko. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani. Mfuko wa SA wenye uzito uleule una kilo kumi na nusu tu. Piga hesabu: aliyenunua urea alilipa kama shilingi 3,000 kwa kila kilo ya naitrojeni, na aliyenunua SA alilipa zaidi ya 4,700. Yaani mwenye hela kidogo ndiye aliyenunua kwa bei ghali, na ruzuku ndiyo iliyompangia bei hiyo. SA ina salfa, na yapo mashamba yanayoihitaji kwelikweli, hilo silipingi. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyelipima shamba la mama mdogo kujua kama ni mojawapo.

Kuna la pili, zito kuliko hilo la bei. Mbolea hizi za naitrojeni huongeza tindikali kwenye udongo kadiri miaka inavyokwenda, na SA ndiyo kali kupita zote. Ili kusawazisha uchachu unaoletwa na kilo moja ya naitrojeni ya SA, unahitaji chokaa mara mbili hadi tatu ya ile inayohitajika kwa urea. Na milima yetu ilikuwa na uchachu tangu mwanzo. Mvua za Usambara zimeosha kalsiamu na magnesiamu kwa maelfu ya miaka, zikabakiza udongo mwekundu wenye chuma na aluminiamu kwa wingi. Katika udongo wa namna hiyo fosforasi unayoimwaga hukamatwa na kufungwa humohumo ardhini, mzizi ukapita jirani bila kuipata, tena mizizi yenyewe imedumazwa na aluminiamu. Zambarau niliyoiona kwenye kingo za majani ndiyo dalili ya mahindi yanayolia fosforasi. Mama mdogo hakusoma kemia, ila aliposema udongo umeila alisema sawasawa.

Kwa hiyo mwaka unaofuata ataweka nini? Ataongeza SA, kwa sababu ndiyo anayoimudu, na udongo utazidi kuchachuka. Mkulima anazunguka kwenye duara hilo huku serikali ikilipa nusu ya nauli.

Wapo wenzetu wa mazingira wanaosikia hesabu kama hizi wakasema basi mbolea za viwandani ziondolewe tuishi kwa samadi. Hapo siwafuati. Shamba linaloishiwa rutuba humsukuma mtu msituni. Upande wa Amani, Usambara Mashariki, tumeona iliki ilivyolimwa chini ya kivuli cha miti ya asili, udongo ukachoka baada ya miaka, kivuli kikafyekwa, yakapandwa mahindi au miwa, na mlimaji akasogea mbele kutafuta kivuli kingine. Kila gunia la ziada linalopatikana kwenye ekari ileile ni miti iliyosalimika. Na Sri Lanka, nchi ya milima na chai kama Amani yetu, ilipiga marufuku mbolea za viwandani kwa amri mwaka 2021. Mavuno ya mpunga yakaporomoka, chai ikayumba, na kabla mwaka haujaisha amri ikalegezwa. Mkulima hawezi kubadilishiwa kilimo kwa tangazo.

Sisi tulipaswa kulijua hilo bila kusubiri mfano wa ng'ambo. Wazee wa Mlalo wanalo simulizi la matuta. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza waliona milima inamomonyoka, na kweli ilikuwa inamomonyoka. Mwaka 1946 wakaanza mpango wao pale Mlalo, na tangu 1950 wakaueneza Usambara nzima: kila mwenye shamba la mteremko achimbe matuta, asiyechimba apelekwe barazani. Kazi ikawaangukia zaidi kina mama, ambao ndio wenye jembe. Hawakulipwa chochote, mavuno hayakuongezeka kwa kiasi cha kufidia jasho, na wengi waliona ardhi yao inaingiliwa. Watu wakagoma, na mgomo wao ukawa sehemu ya vuguvugu la kudai uhuru. Mwaka 1957 mpango ukaachwa.

Wasambaa wana maneno mawili yanayoeleza jambo hili kuliko ripoti yoyote: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu nchi. Kwa wazee, nchi kupona ni mvua kunyesha kwa wakati, ghala kujaa na watu kukaa kwa amani, vyote kwa pamoja. Mtawala aliyeleta njaa alikuwa ameiharibu nchi hata kama aliacha matuta yaliyonyooka kama rula. Kipimo hicho kingali kizuri. Mpango wowote wa udongo usioongeza chakula ndani ya nyumba watu watauacha, na mpango wa chakula unaoumaliza udongo, nchi yenyewe itauacha.

Miaka kadhaa baada ya uhuru, kuanzia 1981 hadi 2000, ulikuja Lushoto mradi wa SECAP uliosaidiwa na Wajerumani. Nao ulishughulikia mmomonyoko uleule, lakini ulianzia zizini. Panda majani ya malisho, ya tembo au guatemala, kwenye kontua, yaani mistari inayokata mteremko, ng'ombe afungwe ndani, akatiwe majani hayo, samadi irudi shambani. Mstari wa majani unaoshika udongo ndio huohuo unaoleta maziwa. Haukuwa mradi mkamilifu, na maeneo mengine majani yaling'olewa ufadhili ulipokwisha. Ila ukipita leo vijiji vingi vya Lushoto bado utayaona majani kwenye kingo za matuta na ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba. Yale ya Mwingereza watu waliyabomoa. Haya wameyatunza kwa sababu yanalipa.

Hapo ndipo ninapoona upungufu wa ruzuku ya sasa. Inajua kulipia kitu chenye nembo, uzito na namba ya mfuko, kwa sababu kitu hicho mfumo unaweza kukihesabu. Samadi haina namba. Mstari wa majani kwenye kontua hauna namba. Maharage yaliyochanganywa na mahindi ili kurudisha naitrojeni bure hayaonekani kabisa. Mkulima anayefanya yote matatu akanunua nusu mfuko anahesabika amepata ruzuku ndogo kuliko jirani aliyemwaga mifuko mitatu kwenye mteremko usio na kizuizi, mvua ya Aprili ikaisomba mtoni.

Nako mtoni haifii. Maji yanayonywewa Tanga mjini hutoka mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, na Zigi inaanzia kwenye misitu na mashamba ya Usambara Mashariki. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa umma kwa ajili ya maji na mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, riba asilimia 13.5, na wanunuzi walijitokeza. Nilifurahi, kwa sababu ilionyesha kwamba watu wako tayari kuweka fedha zao kwenye maji. Sasa tukubaliane kwamba maji hayo yanaanzia kwenye jembe la mtu. Kule juu wapo wakulima walioungana katika UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wanaohifadhi mazingira ya mito Kihuhwi na Zigi, wanaoacha kulima kingo za mito ili sisi wa mjini tufungue bomba. Mstari wa mita kadhaa usiolimwa ni gunia la mahindi lisilovunwa kila msimu. Gunia hilo lina bei, na kwa sasa anayelilipa ni maskini wa mlimani.

Jambo la kalenda nilitaje kwa ufupi. Sehemu kubwa ya mbolea ya nchi hii hutumika Nyanda za Juu Kusini, ambako msimu wa mvua ni mmoja, na mipango huzungushwa kuufuata. Tanga tuna vuli na masika, na milimani watu wanalima pia mluati, zile mvua nyepesi za katikati ya mwaka. Mzigo unaofika kwa wakati huko kusini unaweza kutukuta sisi tumeshapalilia. Mwenye mashamba matatu ya misimu mitatu naye haonekani vizuri kwenye daftari lenye idadi moja ya ekari, na mwanamke anayelima ardhi iliyoandikwa jina la mume haonekani kabisa.

Nikiulizwa fedha za kubadilisha haya zitoke wapi, jibu langu ni kwamba zipo ndani ya ruzuku hiyohiyo, na sehemu kubwa ya ujuzi tunao humuhumu mkoani. Kituo cha Mlingano pale Muheza, kinachojulikana zaidi kwa mkonge, ndicho pia kituo cha taifa cha utafiti wa udongo. Udongo wa Bumbuli uko mwendo wa saa chache kutoka maabara hiyo, na bado mama mdogo amelima miaka arobaini bila shamba lake kupimwa hata mara moja. Kupima sampuli za kila kitongoji, si lazima kila shamba, na kuweka majibu ndani ya ile namba ya mkulima aliyonayo tayari, kungemwezesha wakala kumwambia: kwako wewe SA hapana, chukua hii. Bei za ruzuku nazo zipangwe kwa kilo ya virutubisho, mwenye hela kidogo aache kuadhibiwa kwa kununua mfuko wa bei ndogo.

Kisha chokaa. Simaanishi ile ya kupaka ukuta. Naisema chokaa ya kilimo, ambayo kwa kweli ni jiwe la chokaa lililosagwa likawa unga. Mkoa wetu umekalia jiwe hilo. Mapango ya Amboni yamechimbwa na maji ndani ya jiwe la chokaa, na saruji ya Pongwe inatokana nalo. Udongo unaolilia chokaa uko juu mlimani, na chokaa iko chini pwani, katika mkoa mmoja. Mara ya mwisho niliulizia chokaa ya kilimo katika maduka matatu ya pembejeo njiani kutoka Mombo hadi Soni. Wawili walinielekeza duka la vifaa vya ujenzi. Wa tatu aliijua, akasema haleti kwa sababu haina faida.

Namwelewa. Chokaa haifanani na urea, ambayo mfuko mmoja unafanya kazi. Udongo uliochachuka sana unaweza kutaka mamia ya kilo kwa ekari, wakati mwingine tani nzima, na ingawa jiwe lenyewe si ghali, kulipandisha kona za Soni ndiko ghali. Mkulima wa kawaida hawezi, na muuza duka hataki. Kazi kama hii ndiyo iliyofanya ruzuku ibuniwe, na serikali imewahi kuifanya: ile ya 2003/04, ya usafirishaji.

Magari yapo. Kila siku malori ya kabichi, karoti, nyanya na viazi yanashuka Mombo, mengine yakielekea Dar es Salaam, mengine yakija soko la Mgandini hapa Tanga, na mengi yanarudi na makreti matupu. Dereva mmoja aliyenipa lifti siku ile niliyotoka Bumbuli aliniambia safari ya kurudi huwa anaitafutia mzigo wowote, hata mchanga, alimradi apate hela ya mafuta. Nilimuuliza angetoza kiasi gani kupandisha mifuko mia ya chokaa. Alifikiri tukiwa bado kwenye kona, akataja bei, halafu akauliza mzigo uko wapi, kwamba angeweza kuanza Jumatatu.

Chokaa inatakiwa kukaa ardhini wiki kadhaa kabla ya mbegu. Vuli inaanza Oktoba.